Nilivyokwenda Koboko Kununua Nyumba

Msinicheke sana. Nilikuwa fundi cherehani Arua, nimechoka na kodi ya chumba, nimechoka na wenye nyumba wanaotaka ada ya maombi kabla hata ya kukuonyesha mlango. Nikasikia kuna nyumba inauzwa Koboko, karibu na msikiti. Nikavaa kanzu safi, nikaenda, nikabisha mlango wa kwanza niliouona.

Mzee Ramadhani alinipokea kwa furaha. “Karibu, mwanangu! Sisi nangoja wewe tangu asubuhi.”

“Mzee, mimi nasikia hapa iko moja nzuri.”

“Iko! Hii ya kwanza yangu. Mimi napenda sana.”

“Iko mutu nakaa nayo?”

“Hapana kabisa!” Mzee akaapa kwa Mungu.

Nikajiona mjanja wa biashara. “Mimi hapana taka ya kupanga. Nataka yangu kabisa, mpaka kufa.”

Mzee akafuta machozi.

“Lakini wakati ya mvua, haivuji?”

Pazia likafunguka, akatoka binti mkubwa wa mzee, mikono imejaa hina, uso ameukunja.

“Baba, uliza huyu mposaji,” akasema. “Mimi navuja wapi?”