Magome Chini ya Kitenge

Gyamfuaa aliuza dawa za miti katika soko la Techiman, na wateja walimwamini kwa sababu hakuchanganya dawa na takataka. Binti yake Abrafi aliolewa katika kijiji ambacho msitu wake mdogo ni wa kima na mbega. Hapo hakuna anayewinda wala kukata tawi. Kima akifa, anazikwa kwa sanda.

Gyamfuaa alipokwenda kumwona mwanawe, mama mkwe wa Abrafi, Bibi Pokuaa, alimtembeza msituni pamoja na mlinzi, Mzee Takyi. Mbega walikuwa juu kabisa, mikia yao myeupe ikining'inia. Lakini macho ya Gyamfuaa yaliganda kwenye mkangazi mnene, mti wa dawa, gome zima, halijaguswa. Kule kwao mikangazi yote ilishachunwa ikakauka.

"Tangulieni, ndala imenikatikia," alisema.

Wenzake walipopinda kona, alitoa kisu, akabandua magome, akayafunga kwenye leso na kuyasokomeza chini ya kitenge.

Walirudi uani, ambako ukoo mzima ulikuwa ukiwasubiri. Gyamfuaa hajakaa vizuri, kima mmoja akashuka kutoka paani, akaona leso imetokeza kiunoni mwake, akadhani ni ndizi. Akaivuta. Magome mabichi yakamwagika katikati ya watu.

Abrafi alimtazama mama yake, kisha akainamisha uso.

"Nani kachuna mti?" Mzee Takyi aliuliza.

Gyamfuaa aliinama kuokota magome.

"Kosa ni langu," akasema Bibi Pokuaa. "Miguu inaniuma. Nilimwomba mkwe wangu huyu anichunie dawa."

"Wewe, Pokuaa? Uliyezaliwa hapa? Na uzee wote huo huna haya!"

Mzee alimkaripia mbele ya wajukuu, na Bibi Pokuaa akasimama akapokea yote. Gyamfuaa aliyasikia kama anapigwa yeye, na bado alinyamaza.

Fufu na mchuzi vilipoletwa, Gyamfuaa hakuonja. Akainuka, akaenda hadi kibarazani kwa Mzee Takyi, akapiga magoti.

"Baba, mwizi ni mimi. Pokuaa hakuniomba kitu."

"Najua," mzee alisema. "Pokuaa hajawahi kuchuma hata jani. Nilikuwa nangoja useme palepale."

"Niliogopa, baba."

"Basi rudi ukawaambie wale uliowaogopa."

Alirudi, akakiri mbele ya wote. Hakuna aliyemtukana. Bibi Pokuaa alimsogezea bakuli tu. "Kula, mkwe wangu, mchuzi unapoa." Hapo ndipo Gyamfuaa alipolia, maana angetukanwa angejua pa kuuweka uso wake.

Abrafi alimsindikiza hadi barabarani. Walipofika akasema, "Mama, ungeniambia unataka magome, ningekueleza kwamba miti ya hapa haichunwi." Gyamfuaa akapanda gari. Ulipita muda mrefu kabla hajarudi kule, na hata aliporudi kumwona mjukuu aliyezaliwa, alikaa uani na wanawake wenzake. Kila walipomwalika msituni alijibu, "Nendeni, nitawasubiri hapa."