Mama Alipokataa Kulegeza Kamba

Baiolojia niliiacha kidato cha nne, ingawa yenyewe ilikuwa imeniacha mapema zaidi. Tangu hapo nakaa Ihumwa na mama yangu, nashona nguo barazani, na safari yangu ndefu ni ya kufuata uzi. Kwa hiyo Jumamosi ile mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, alipoingia na daftari akasema, "Shikamoo mjomba, nakuhitaji kwa masomo," niligeuka kutazama kama nyuma yangu kuna mjomba mwingine.

Hakuwa anatania. Jumatatu alitakiwa kueleza utafiti wake mbele ya walimu, na walishamrudisha mara mbili. Mwalimu wake alimwambia anakariri tu. Akishindwa mara ya tatu, atarudia mwaka. Atafute mtu wa nyumbani, amweleze mpaka aelewe.

"Nikawaza, mtu wa nyumbani ni nani," akasema. "Mjomba, hakuna anayekufikia."

Mama alicheka mpaka akaacha kutwanga karanga.

Binti akaanza, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili cha kuogopesha. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa.

"Umeelewa nini, mjomba?"

"Nimeelewa kwamba ni jambo kubwa."

Akafunga daftari. Akachora duara kubwa uani, akasema hiyo ni seli. Akamnyang'anya bibi yake mchi, akaulaza katikati. Mchi ukawa spindo, yaani lile furushi la nyuzi linalotenganisha kromosomu seli inapojigawa. Seli hukatika pale penye katikati ya spindo. Ikisogea pembeni, watoto wanatoka mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Kinachoiweka mahali pake ni nyuzi kama kamba, na protini zilizo ukutani mwa seli zikizivuta.

Akafunga kamba kila ncha ya mchi, moja akanipa mimi, nyingine mama, tukasimama kwenye mstari wa duara tukitazamana. Kisha akachukua vibanio vya nguo, kimoja akanibana kwenye kola, kingine kwenye kanga ya mama.

"Hiki ni fosfeti. Seli inakibandika kwenye protini, baadaye inakibandua. Ndivyo inavyoipa amri. Haya, vuteni!"

Mgongo ulikuwa unaniuma, nikatafuta pa kuponea. "Subiri. Mwenye kibanio ndiye anayevuta, au ndiye anayepumzika?"

"Anavuta. Fosfeti inawasha protini."

"Kila protini? Hakuna ya kupumzishwa hata moja?"

Akafungua daftari kunikomesha. Akasoma. Akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena, akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake safi. Protini anayoiandikia ikiwa na ile fosfeti hukaa mbali na ukuta. Ikibanduliwa, seli inapokaribia kukatika, ndipo inakwenda ukutani kukusanya wavutaji. Muhula mzima alikuwa amekariri kinyume.

"Kwa hiyo mimi napumzika," nikasema.

"Wewe una kibanio tangu kidato cha nne, mjomba."

Akanitoa changu, cha mama akakiacha. "Bibi, wewe legeza."

"Nilegeze nini?" Mama akazungusha kamba mkononi. "Mimi nimekua nachunga. Ukilegeza kamba, ndama ni wa jirani."

"Si ndama, bibi, ni spindo!"

"Hata kama."

Akavuta. Nami nikavuta, nikaburuzwa na mama wa miaka sabini mpaka ndala zikabaki nyuma. Mchi ukaenda kugonga mstari wa upande wake.

"Umeona?" mama akasema akihema. "Mtoto mkubwa ni wangu."

"Hapana, bibi. Umeivutia kwako, kwa hiyo seli inakatika karibu na wewe. Wewe ndiye uliyebaki na mdogo."

Mama akautazama mchi. "Sayansi yenu haina adabu."

Mpwa wangu alipomaliza kucheka akatuambia kuna seli zinazogawanyika hivyo makusudi: mtoto mmoja anabaki pale pale, mwingine anaondoka kwenda kazini.

"Hao ninao," mama akasema. "Mama yako kaenda Kondoa kufundisha. Mwingine huyu hapa."

Nikajitetea. Anayebaki, kwa mujibu wa daftari, ndiye anayeendelea kujigawa.

"Ujigawe na nani, na hata mke huna?"

Jumatatu mchana simu ikaita. Nilishaharibu pindo la sketi ya mteja kwa wasiwasi. Amepita, akasema, ila kurasa mbili azisahihishe. Walimbana hapo hapo kwenye fosfeti, akawajibu bila kushika karatasi. Mwalimu akataka kujua aliyemfungua macho ni nani, akamwambia ni mjomba, fundi cherehani.

"Akasemaje?" nikauliza, kifua mbele.

"Akauliza kama unashona suti."

Nikajibu kwamba nashona. Sijawahi. Tangu juzi nimefumua koti la marehemu baba niangalie bega linavyoingia, na mama bado hajajua.