Mkeka wa Sita kwa Bi Time

Aibu hii niliifuata kwa miguu yangu mwenyewe, na naisema maana walioiona hawatanisahaulisha.

Msimu huu wa karafuu, Bi Time wa Wawi anatulelea watoto sisi wachumaji. Ana mikeka midogo sita, basi watoto ni sita, mjukuu wake mmojawapo. Wengine tunangoja zamu, na wa mbele nilikuwa mie. Siku moja siafu walimvamia mwanangu Maryamu chini ya mkarafuu, nami niko juu nachuma. Toka siku hiyo, kila nikienda kisimani asubuhi nahesabu mikeka iliyotundikwa uani kwa Bi Time, maana mkeka wa kila mtoto aliyepo huanikwa hapo.

Juzi nikahesabu mitano. Nikajiona hodari wa hesabu: nafasi imepatikana. Nikarudi mbio kumchukua Maryamu. Niliporejea, ua umejaa wanawake, wamekaa chini kimya. Nikasema moyoni, hawa wamekuja kunipora zamu. Sikumsalimu mtu. Nikajifunga kibwebwe, nikapita katikati yao.

"Nani hajui kuwa ninayefuata ni mie? Mkeka mmoja uko wazi, na hapa sitoki."

Bi Time akatoka ndani, macho yamemvimba. Nyuma yake nikasikia binti yake analia.

"Kweli, mwanangu, zamu ni yako," akasema, akampokea Maryamu mikononi mwangu. "Ila mkeka wenyewe nenda kauoshe kwanza. Mjukuu wangu kafia juu yake alfajiri."