Maji Yasiyopita kwenye Bati

Sebuleni kwetu kuna bahari. Si picha ya kalenda. Ni sanduku la kioo lenye urefu wa kochi la watu wawili, limejaa maji ya chumvi, mchanga mweupe na mawe yenye matundu, na juu yake kuna taa ya buluu ambayo huwafanya wageni waulize kama tumefungua klabu. Kutoka hapa Kakamega hadi bahari yenyewe ni mwendo wa kulala ndani ya basi na kuamka shingo imepinda. Mama alizaliwa huko Pwani. Baba alimtoa huko kwa maneno gani, hatujui. Ukimtazama baba vizuri unaweza kushangaa, lakini hapo nanyamaza kwa sababu bado ananilipia karo.

Mama alizoea kila kitu cha huku: baridi ya asubuhi, tope, mboga ya mrenda, ndugu za baba. Kitu kimoja tu kilimshinda, kukaa mbali na maji ya chumvi. Ndiyo maana mjomba, anayefuga samaki wa mapambo kule kwao, alipompa sanduku la zamani pamoja na pampu zake, mama alilipokea kama mtu aliyeletewa mtoto.

Hii ya sasa ni bahari ya pili. Ya kwanza ilikufa, na aliyeiua ni mimi, ingawa kwa miezi miwili nyumba nzima iliamini ni nyanya.

Nyanya ni mama yake baba. Alihamia kwetu goti lilipoanza kumsumbua, akaja na Biblia, mto wake na kiti chake cha mbao ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia. Mimi ananiita mume wangu, kama nyanya wengi wa huku wanavyowatania wajukuu wa kiume, na husema nikimaliza shule nimjengee nyumba yake tuwaache hawa wengine. Bahari ilipofika alisogeza kiti chake hadi karibu na kioo, akakaa akitazama samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Siku ya kwanza aliniuliza, uso mkavu kabisa, "Hawa, mume wangu, wataiva lini?" Nikamjibu Krismasi. Tangu siku hiyo aliuliza kila jioni, na kila jioni nilijibu Krismasi, na mama akajifanya kukasirika.

Nyanya pia alikuwa na malalamiko yake ya kudumu: chai ya nyumba hii ina ladha ya msumari. Maji yetu mengi ni ya mvua. Huku mvua hainyimi mtu, mchana ukipinduka tu inakuja, inapiga mabati, inapita kwenye mfereji, inaingia kwenye tenki iliyo kando ya mlango wa jikoni. Sisi tuliinywa hiyo chai na kuongeza kikombe. Nyanya alikunja uso. Nilikuwa nikimwiga mbele ya binamu zangu, midomo nimeibana, mkono kiunoni, nikionja chai kama mkaguzi wa serikali. Walicheka hadi kulia. Niliiga vizuri sana, sitakataa.

Sasa, kazi yangu katika bahari ya kwanza ilikuwa maji. Maji ya bahari ya sebuleni hukauka kidogo kila siku, lakini chumvi haiendi popote, inabaki. Kwa hiyo kila jioni unaongeza maji yasiyo na chumvi, nayo ni lazima yawe yamesafishwa kabisa. Rafiki wa mama wa kwaya alikuwa na duka la maji kama hayo, akawa anatujazia mtungi bure. Duka liko chini ya mteremko. Sisi tuko juu. Mtungi ni wa lita ishirini na baiskeli yangu haina gia. Mpira huanza saa kumi na moja. Na tenki iko hatua tatu kutoka mlangoni, imejaa maji masafi ya Mungu. Fanya hesabu mwenyewe.

Jumamosi, mama akiwa nyumbani, nilileta mtungi huku nikihema ili aone. Siku nyingine zote nilichota kwenye tenki.

Wa kwanza kufa walikuwa konokono. Walianguka kutoka kwenye kioo mmoja mmoja, kama wanafunzi wanaosinzia kwenye misa. Kisha kaa mdogo. Kisha matumbawe, wale viumbe wanaofanana na maua, wakajikunja, wakawa weupe, wakaanza kuoza. Maji yakanuka, samaki wakafuata. Alibaki mmoja tu. Mama alimchota kwa jagi akamweka kwenye ndoo kubwa yenye pampu ndogo, akawa anambadilishia maji mwenyewe, yale ya dukani yaliyotiwa chumvi ya bahari. Yeye akaishi. Jambo hilo lilikuwa linatuangalia machoni na hakuna aliyeliona, mimi nikiwemo, au labda mimi sikutaka kuliona.

Siku mama alipotoa mchanga ili asafishe, alikuta donge la ugali. Nyanya akakiri papo hapo. "Nilimpa obusuma kidogo tu," alisema. "Alikuwa ananiangalia."

Mama hakumgombeza. Yeye ni wa Pwani, mama mkwe hagombezwi. Alisema tu, "Ah, mama," polepole, kama mtu anayekunja nguo. Kesho yake kiti cha mbao kilikuwa jikoni. Hakuna aliyemwambia akihamishe. Jioni hakuniuliza samaki wataiva lini, maana wa kuiva alikuwa amebaki mmoja, tena kwenye ndoo.

Na mimi, ambaye siwezi kuacha kimya kikapita bila kukitia kidole, nilisema wakati wa chakula kwamba angalau samaki walikufa wakiwa wameshiba. Baba alicheka. Nyanya aliendelea kula. Ule utani nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote, na kila mara unazidi kuwa mbaya.

Nilijua? Nilijua nusu. Nilijiambia maji ni maji. Kisha siku moja kidato chetu, cha tatu, kilikuwa na kemia, na mwalimu akaeleza kwamba mabati ya nyumba hupakwa madini ya zinki yasipate kutu, na kwamba mvua huondoka na kidogo cha hayo madini kila inaponyesha. Binadamu hapati shida, alisema, lakini viumbe wadogo wa majini, konokono na jamaa zao, kidogo tu huwaua. Kwa kawaida hapo ningesema kitu cha kuchekesha. Niliinamia daftari. Mwalimu akaniuliza kama ninaumwa.

Nilinyamaza hadi bahari ya pili. Mjomba alituma kwa basi boksi la chumvi ya bahari na mawe mapya, na mama akaanza kuimba jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Jumapili alasiri aliniita sebuleni akanipa kazi mbili. Ya kwanza, niandike tangazo kwenye karatasi ya manila: TAFADHALI USILISHE SAMAKI. Ya pili, nianze kuvuta mpira wa maji kutoka kwenye tenki yetu, kwa sababu rafiki yake alikuwa amefunga duka na kuhamia Kisumu wiki hiyo. "Ya mvua ni safi," alisema. "Tutajaza yote kwa hayo hayo."

Niliandika tangazo kwanza, nipate kufikiri. Nikalibandika juu ya kioo. Nyanya alipita akielekea chumbani, akasimama, akavaa miwani. Alisoma kwa sauti, neno moja moja, kama anavyosoma zaburi. "Tafadhari. Usirishe. Samaki." Akavua miwani. Akaniambia, "Umeandika vizuri, mume wangu. Herufi zako zimenyooka." Akaenda zake, mkono mmoja ukutani kwa sababu ya goti.

Angenitukana ningepona. Angesema hata neno moja la uchungu ningepata pa kutania. Alisifu mwandiko.

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, anaosha mawe kwenye beseni. Nilimwambia, "Mama, haikuwa ugali."

"Nini haikuwa ugali?"

"Kilichowaua. Ni maji ya tenki. Nilikuwa nachota huko."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumamosi."

Aliliweka jiwe chini. Nilitarajia kandambili, na nilikuwa nimeshapima umbali wa mlango. Hakurusha kitu. Aliketi kwenye mkono wa kochi, maji yakimdondoka viganjani, akasema kama mtu anayejisomea, "Nimemtoa mama wa watu kwenye kiti chake."

Kisha alinishika mkono wa shati akanivuta hadi jikoni. Nyanya alikuwa anachambua kunde. Mama akavuta kigoda, akaketi chini kuliko yeye, akaniambia niseme. Nikasema yote: mtungi, mteremko, mpira, konokono, zinki. Nyanya aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza.

"Kwa hivyo ni ile maji ya msumari," alisema.

"Ndiyo, Nyanya."

Alianza kucheka. Alicheka hadi akashika goti. "Nimesemanga. Kwa hii nyumba nimesemanga miaka ngapi? Munasema kinywa ya mzee imeharibika." Nakuapia, alifurahi kushinda kesi ya chai kuliko alivyoumia kwa kesi ya samaki.

Mama hakucheka. "Mama, nisamehe," alisema. "Nilikudhania."

"Kwani nilikufa? Nilihama tu kiti." Kisha akanigeukia, na sasa hakuwa anatania. "Na wewe. Hiyo uongo umebeba miezi miwili. Ilikuwa nzito?"

"Nzito, Nyanya."

"Ungebeba tu mtungi."

Hadi leo hakuna mtu aliyeniadhibu kwa maneno machache hivyo. Hata baba, aliyeongea kuhusu jambo hilo kuanzia supu hadi ndizi, hakufikia hapo.

Lakini sasa hatukuwa na maji. Ni nyanya aliyetoa njia. Alisema zamani, nyumba zao zikiwa za nyasi, hakuna aliyengoja maji ya paa. Waliweka chungu uwanjani, mbali na miti, mvua ikaingia yenyewe. Ile ya mwanzo, inayoosha hewa, wakaimwaga. Iliyofuata wakaiweka. "Hiyo haijagusa kitu," alisema. "Inatoka juu inaingia kwa chungu." Mama akasema isiwe sufuria wala ndoo ya bati, iwe plastiki ambayo haijawahi kuona sabuni. Tukapata mabeseni tisa mapya.

Ndipo nikawa kichekesho cha njia nzima. Kila alasiri, wingu likishuka kutoka upande wa msitu, nilikimbia kutoka shuleni nikapanga mabeseni juu ya viti uwanjani. Nikangoja mvua ya kwanza, nikamwaga yote, nikayarudisha. Nililowa hadi soksi. Jirani aliuliza kama tenki yetu imepasuka. Mwingine nilimwambia tunajiandaa kwa ubatizo, akauliza ni kanisa gani. Bata wa jirani aliingia kwenye beseni lililojaa kuliko yote akaoga kama amelipia chumba. Nyanya alisimamia kila kitu kutoka barazani, amejifunika kitenge, akipiga kelele lile la kushoto limeinama. Ilichukua wiki mbili. Sijawahi kuishukuru mvua ya Kakamega, ambayo imeniharibia mechi nyingi, lakini wiki hizo niliishukuru, hata ile iliyonipiga usoni.

Tulichanganya chumvi, tukapima, tukawasha pampu. Kisha tukangoja mwezi mzima bila kiumbe hata mmoja, maana maji mapya ni lazima yakomae kwanza. Hatimaye mjomba akatuma konokono mmoja. Mmoja tu, wa majaribio. Kama maji yana bati, yeye ndiye angetuambia.

Mama alimteremsha mchangani taratibu. Alijifungia ndani ya nyumba yake, akakaa. Siku nzima hakutoka. Mama hakula chakula cha jioni. Mimi niliahidi mbinguni mambo ambayo sasa naomba yasahaulike.

Kesho yake nilitoka shule mbio nikakuta kiti cha mbao kiko sebuleni, karibu na kioo, pale pale pa zamani. Tangazo langu lilikuwa limegeuzwa, limefunika bakuli la maharagwe mezani. Nyanya alinyoosha kidole bila kunitazama. Konokono alikuwa katikati ya kioo, anapanda, mdomo wake unafunguka na kujifunga kwenye ukungu wa kijani. "Amekuwa akitembea tangu saa sita," nyanya alisema. "Nimemuona wa kwanza. Mama yako yuko kazini, mimi ndiye nimemuona."

Baada ya wiki chache samaki wetu wa ndoo alirudishwa. Alizunguka mawe mara mbili, akachagua tundu, akakaa kama mwenye hati ya shamba. Mama alileta kopo la chakula chake. Kazi hiyo ilikuwa ya mama siku zote, hakuwahi kumpa mtu. Alifungua kifuniko, akamkabidhi nyanya kopo kwa mikono miwili.

"Mlishe wewe, mama. Chembe kidogo tu, jioni. Hii itakuwa yako."

Nyanya alitia vidole, akachukua kidogo mno, kama anayetia chumvi mboga ya mgeni, akanyunyiza. Samaki alipanda akala yote. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na jagi langu la maji ya mvua.

Nyanya alifuta vidole kwenye leso, akaegemea kiti chake.

"Huyu, mume wangu," aliuliza, "ataiva lini?"

"Krismasi, Nyanya," nikasema, na mama akajifanya kukasirika.