Mtama wa Mbegu Februari ya Joto

Februari ile mkoa mzima wa Mara uliungua. Redio ilisema Bukoba kunanyesha na pwani kuna mawingu. Huku Mara ni jua tu. Nyangi, mjane wa kijiji cha Manyamanyama, akaizima haraka, maana betri hazikuonekana madukani, wala sabuni, wala unga.

Alipogeuka, alimkuta mama mkwe wake, bibi Gati, amekokota debe la mtama wa mbegu hadi kwenye jiwe la kusagia.

"Mama, hiyo ni mbegu!"

"Najua. Na hawa wanao wanaolala njaa?"

Nyangi akashika debe. Bibi hakuliachia.

"Mvua hutujiaga kutoka ziwani," bibi alisema. "Umeona wingu huko?"

Hakuna aliloona. Lakini wakisaga leo, mvua ingewakuta mikono mitupu. Akavuta kwa nguvu, debe likamjia, naye akaenda nalo shambani. Akapanda kwenye vumbi lililochoma nyayo.

Wiki zilizofuata walikula mboga za porini. Bibi hakumsemesha. Mtoto wake mdogo alipoanza kuvimba miguu, Nyangi alijiona muuaji, akambeba hadi zahanati, akapewa maziwa ya unga.

Mwishoni mwa Machi ngurumo zikatoka upande wa Musoma, kule ziwani, na mvua ikanyesha. Mtama ukaota kwa mabaka, nusu ya shamba tupu. Asubuhi moja Nyangi alimkuta bibi Gati ametangulia shambani, ameinama anapalilia.

"Mtoto amekula?" bibi aliuliza.

"Amekula, mama."

Bibi akaendelea kupalilia.