Siku Niliyompakia Mama Mkwe kwenye Magurudumu Mepesi

Habari hii sikutaka kuisimulia, kwa sababu watu wa Msambweni wameshaisimulia vya kutosha, tena kwa ngoma, lakini kwa kuwa kila tukikutana mnaniuliza kwa nini naendesha baiskeli yenye magurudumu mazito kama ya mkokoteni, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuendelea na ile hadithi ya mitaani ambayo ndani yake eti nililia. Sikulia. Mengine yote ni kweli, na hayo mengine yanatosha kabisa kumfanya mtu mzima akwepe njia ya ukweni kwake.

Mimi, kwa wasionijua, ni mtunza stoo katika hoteli moja kule Galu, mtu wa sabuni na mashuka, na starehe yangu ni moja tu, baiskeli. Siku za mapumziko tulikuwa tukitoka Ukunda watu wanne watano, tunapanda vilima kuelekea Kwale kwa njia za vumbi (si lami, lami tuliwaachia wazee), na kila tukipanda mimi nabaki nyuma napumua kwa mdomo, huku wenzangu wananingojea juu wakimenya machungwa kama watu waliokuja matembezi. Nikajiambia tatizo si mapafu, tatizo ni magurudumu. (Mtu akishindwa na mlima huwa hatafuti kosa mwilini mwake.) Yale yangu yalikuwa ya chuma, yenye spoki nyingi, zile nyaya ngumu zinazoshikilia ule mduara wa rimu, na ukiyanyanyua ungedhani umenyanyua jiko la makaa.

Basi nikaanza kutafuta. Nilitaka mepesi kwa ajili ya mlima, nilitaka imara kwa ajili ya yale mawe ya matumbawe yanayochomoza njiani, na nilitaka ya bei ya mtunza stoo, yote matatu kwa pamoja. Nilitazama video mpaka simu ikawa moto mkononi. Nikajifunza kwamba rimu ya alumini ni nyepesi na ikiwa na kuta mbili ndani haipindi ovyo, kwamba spoki zikipungua uzito unapungua lakini kila moja inabeba kazi ya mwenzake aliyeondolewa, kwamba uzito wa pembeni kabisa, kwenye rimu na tairi, ndio unaouchosha mguu, na kwamba mwenye pesa kidogo afadhali anunue kitu kizuri kilichotumika kuliko kipya kibovu. Haya yote ni sahihi, sina ninachokikanusha. Nikienda kulala nilikuwa nikimwambia mke wangu Mwanakombo habari za spoki, naye akinijibu "mm" ya mtu aliyekwisha kulala.

Niliyapata Ukunda, kwa kijana mmoja wa bara anayeuza vipuri vya baiskeli za mitumba. Yalikuwa meusi, safi, spoki chache, na nilipolinyanyua moja kwa kidole nilihisi kwamba Kwale nimeshafika. Yule kijana aliniuliza swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa la maana kuliko video zote: "Brathe, we hubeba watu?"

Nikamwambia sibebi mtu, ni mimi peke yangu, na mimi mwenyewe ananiona nilivyo. Akasema basi niyachukue, nikiwa peke yangu hayataniangusha. Alisema kweli, simlaumu hata kidogo.

Ila pesa niliyolipia ilikuwa ya tangi la maji. Mimi na Mwanakombo tulikubaliana tununue tangi, aache kwenda kuteka kwa jirani kila alfajiri, na badala ya kumwambia nimeitumia, nilimwambia magurudumu nimeachiwa na mgeni wa hotelini aliyerudi kwao. Alipogundua hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akaniambia chakula kimo chunguni, akasema tangi si kitu, lakini hawezi kukaa nyumba moja na mtu ambaye kila neno lake ni lazima alipeleleze, akaenda kwa mamake Msambweni. Mimi nilibaki na nyumba kimya na baiskeli nyepesi. Nilimkumbuka, nalisema wazi, nilikumbuka hata ile "mm" yake.

Nikampigia simu nikamwambia magurudumu nimeyauza. Sikuwa nimeyauza. Nilikuwa na nia ya kuyauza, na kichwani mwangu siku zile nia na tendo vilikuwa kitu kimoja. Akasema nije Jumamosi nizungumze na mamake, mama akiridhika tutarudi pamoja.

Jumamosi asubuhi nikasimama mbele ya baiskeli. Magurudumu ya zamani yameegemezwa ukutani, kuyabadilisha ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Nikafikiri, Msambweni ni mbali, jua ni kali, na ukweni kwangu nani anayelijua gurudumu hili na lile? Nikayaacha yaleyale mepesi. (Mkitaka kujua mambo yalianzia wapi, yalianzia hapo, kwenye chai ambayo sikuinywa.) Na kwa kuwa ukweni hakuendwi mikono mitupu, nikafunga keria nyuma, nikapakia sukari, unga wa ngano, mafuta na doti ya leso, nikaondoka. Baiskeli ilikwenda vizuri ajabu, hilo nalo niliseme.

Mama mkwe wangu, Bi Mishi, ni mwanamke mwenye mwili, mwili wa heshima, na ndiye kiongozi wa vugo pale kijijini, ile ngoma ya arusi ambayo wanawake hugonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba, na wakikuamulia kukuimba basi huna pa kujificha. Nilimkuta amekwisha kuvaa, buibui limepigwa pasi, pembe zake mkononi, anatazama njia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapokea mzigo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia kwamba Mwanakombo yuko nyumba ya arusi tangu alfajiri anamenya vitunguu saumu, kwamba yeye mwenyewe amechelewa na ngoma haiwezi kuanza bila yeye, na kwamba bodaboda zote za kijiji zimekodiwa kwenda kumpokea bwana arusi anayetoka Jego.

"Nipeleke wewe," akasema. "Ngoma ikimalizika, mchukue mkeo mwende zenu."

Nilikuwa nimeshinda. Kilichobaki ni kumfikisha mama arusini, mwendo wa kijiji kimoja hadi cha pili. Akaitazama keria iliyobaki tupu, akaniuliza kama itambeba.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lenyewe ni fupi, mama, haitakubeba, lakini kwetu sisi mama mkwe hata macho humtazami sana, sembuse umwambie habari ya uzito wake, na nikisema kasoro ni magurudumu ataniuliza magurudumu gani, na tukifika kwenye magurudumu tumefika kwenye yale niliyoyauza. Nikapiga hesabu hiyo haraka, nikajibu kwa uchangamfu kabisa, "Mama, hii inabeba hata magunia mawili ya mkaa."

(Ubaya wa neno hilo niliusikia lilipokwisha kutoka.) Bi Mishi alikusanya buibui lake, akakaa upande kama wanavyokaa mama zetu, pembe mapajani, mkono mmoja umeshika kiti changu, na gurudumu la mbele likawa kama linataka kuniacha lende juu peke yake.

Hatukufika mbali, nikasikia nyuma, ting. Nililijua. Ilikuwa spoki. Nilijua hata ni za upande gani zinazokatika, maana mtu akikaa upande uzito wote unavuta kule, na video moja ililieleza hilo vizuri sana. Mama akauliza ni nini hicho. Nikasema ni kengele. Baiskeli yangu haikuwa na kengele, niliing'oa mwenyewe ili kupunguza uzito.

Ting, ya pili.

"Kengele yako inajilia yenyewe," akasema Bi Mishi.

Nikamwambia ndivyo zilivyo za siku hizi. Akaguna tu. Tukaendelea, na njia nzima watu wanatusalimia, na salamu za ukweni hazipokelewi mbiombio, lazima upunguze mwendo, uulize watoto, uulize mgonjwa, upokee na za nyumbani, na huku gurudumu la nyuma limeanza kuyumba, linasugua fremu upande huu, linahama, linasugua upande ule. Nilikuwa na visingizio vingi vya kumshusha, mchanga, uchovu, kuti la mnazi limelala njiani, nikavipima kimoja kimoja na kuona kila kimoja kitamfikisha palepale kwenye mwili wake au kwenye uongo wangu. Kwa hiyo nikakanyaga. Spoki zikaendelea kukatika. Kuna wakati zilikatika mbili kwa mpigo, na mama hakuuliza tena.

Nyumba ya arusi ilikuwa imejaa. Turubai limefungwa, masufuria yako motoni, wanawake wamejipanga na pembe zao wanamngojea kiongozi, na waliponiona nimempakia wakaanza kupiga vigelegele, nami kwa ujinga nikaona nisiishie kando kama mtu mwenye akili, nikakata kona niingie nao uwanjani kwa heshima zote. Pale mlangoni pa ua pana ukingo mdogo wa saruji. Gurudumu la mbele likaupanda. La nyuma likaufikia, likatoa sauti moja kavu, likajikunja kama chapati, na mama mkwe wangu akaondoka nyuma yangu taratibu, akakaa chini kwenye mchanga, wima, buibui limemtandazika pande zote, pembe bado mkononi. Mimi nilianguka kwenye karai la vitunguu.

Vigelegele vikakatika. Hakuna aliyecheka, na ningetoa chochote mtu acheke. Bi Mishi alikuwa amekaa palepale, hajaumia, anawatazama wanawake wenziwe nao wanamtazama, kisha akainua pembe, akagonga, na bila kuinuka mchangani akaanzisha:

"Mkwe kaja na gurudumu, gurudumu jepesi,
mama kamtua chini, kamtua kwa wepesi."

Wanawake wakaupokea. Waliupokea kwa pembe zote, kwa mabega, kwa vigelegele, wakamnyanyua kiongozi wao huku wakiimba, hata wapishi wakaacha miiko, na mimi niko katikati natoa maganda ya vitunguu kwenye nywele. Wimbo huo, naambiwa, umeshafika mpaka arusi za Tiwi.

Mwanakombo alikuwa amesimama karibu na masufuria. Yeye hakuimba. Alikuja mpaka kwenye baiskeli, akainama, akalitazama lile gurudumu jeusi lililokunjika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulisema umeyauza."

Nami, jamani, nikiwa nimelala kando ya ushahidi wenyewe, nikasema, "Haya ni mengine. Yanafanana tu."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye masufuria.

Nilimngojea mama mkwe mpaka ngoma ilipopumzika, nikaenda kumwomba radhi. Niliyapanga maneno ya kutosha, barabara mbovu, rimu za mitumba, jua. Akaniacha niyamalize. Kisha akanivuta kando ya turubai, na haya aliyasema polepole, kama mtu asiye na haraka ya kurudi ngomani.

"Ile ya kwanza ilipolia nilijua ni baiskeli inavunjika. Marehemu babake Mwanakombo alinipakia miaka na miaka, sauti ile naijua. Nikasema ngoja, huyu ataniambia nishuke. Ungeniambia ningeshuka, tungetembea." Akakung'uta mchanga kwenye buibui. "Hukusema. Mpaka umeniangusha hukusema. Sasa ndiyo najua mwanangu alikuwa akiishi vipi."

Nikamshika mkono nikamuaga. Baiskeli nikaibeba begani, mchana wa jua kali, na Mwanakombo hakurudi nami. Nilipokuwa nikitoka kijijini, watoto walikuwa wameshaujua wimbo.

Sasa mnaniuliza nimejifunza nini. Nimeapa kwamba ukweni nitakwenda kwa miguu, na mwenye swali la magurudumu nitamwambia ajiulize kwanza ni nani atakayempakia, si yule anayemtaka yeye, bali yule ambaye hataweza kumkatalia. Hilo ni la baiskeli. Lile lingine, la ulimi, liligharimu muda zaidi.

Siku kadhaa baadaye Mwanakombo alinipigia magharibi, sauti kavu, akaniuliza nimekula nini. Uongo wa wali wa nazi na samaki ulikuwa umeshanifika ulimini, niliona hata mvuke wake. Nikasema sijala. Nikasema tangi halijanunuliwa kwa sababu pesa bado hazijatosha, na gurudumu la mbele ninalo mpaka sasa, sijapata moyo wa kuliuza.

Nikamsikia akivuta kigoda, akakaa.

"Kuna jingine?" akauliza.

Kulikuwa na mengine. Nikakaa kitandani, nikayasema moja baada ya jingine, madogo na makubwa, hata ambayo hakuwa ameyauliza, naye kila nikimaliza moja alisema "mm", macho kabisa, mpaka simu ikaanza kunionya kuhusu chaji. Kesho yake jioni akaja, akaweka begi lake mlangoni, akaniuliza kama nimekula, na nikamwambia kweli.