Popo Katika Jani la Harusi

Zafitsara, mjane wa kijiji cha Ambodiravina, mashariki ya kisiwa cha Bukini, hakujaliwa kulipita jambo pasipo kuliuliza. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba hakuoa mke, alioa swali. Kazi yake ilikuwa kukata majani ya ravinala ya kuezekea nyumba za watu, na hata uzeeni hakuacha kujiuliza ni nani aliyeufunza mti ule kuyapanga majani yake mfano wa upepeo.

Asubuhi ya kumtoa bintiye Velosoa, alishuka bondeni mwenyewe. Kwao wali wa harusi huliwa juu ya majani machanga, yaliyokatwa siku ileile kabla hayajafunuka. Na mama asiyekula kwenye jani mbele ya wakwe, huyo hajamtoa mwanawe. Upepo ulikuwa umeyafunua majani mengi. Akapata ya wageni. La kwake likabaki moja tu, limejiviringa kama mkeka. Alipolishika alikate, ndani mkatoka mlio mwembamba.

Akachungulia. Alikuwamo popo asiyezidi kidole gumba, mwenye manyoya ya hudhurungi yanayong'aa na masikio makubwa kupita kichwa. Majani ya kuezekea hukatwa yakiwa yamekomaa. Kwa hiyo hakuwahi kumwona kiumbe huyu. Popo wote aliowajua walining'inia kichwa chini. Huyu alisimama wima, kichwa juu, kwenye jani linaloteleza kama sahani yenye mafuta.

Akaliinamisha jani taratibu. Kichwa kilipoelekea chini, popo akabanduka, akamwangukia kiganjani. Penye vidole gumba na vifundo vya miguu alikuwa na vikombe vidogo, vibichi kana kwamba vinatoka jasho. Akamrudisha jinsi alivyokuwa, akanata.

Subhana Muumba, aliyempa kila kiumbe makazi yake! Zafitsara akakirudisha kisu kiunoni.

Nyumbani, kaka yake Tombo alimpokea mlangoni. "Dada, hata leo? Wakwe wamekaa, wewe unazungumza na miti."

"Jani moja limepungua, kaka."

"La nani?"

"Langu."

"Basi umemmaliza mtoto. Yule mama mkwe tangu jana anatafuta sababu."

Wali ulipopakuliwa, Mama Boto, mzaa bwana harusi, akamtazama. "Mbona huli, mkwe? Au binti mmeghairi?"

"Jani langu lina mwenyewe." Akasimulia yote. Wanaume wakacheka, Velosoa akainamisha uso.

Mama Boto hakucheka. "Kichwa juu?"

"Juu."

"Na hatelezi?"

"Ukimgeuza, anabanduka. Kwa nini, sijui."

"Darini kwangu wamejaa popo, na hakuna hata mmoja anayesimama kama askari." Akafikiri. "Jani likifunuka, atahama?"

"Bila shaka. Hapatakuwa na pa kujificha."

Mama Boto akalisukuma jani lake katikati yao. "Basi kula hapa, mkwe, tena upesi. Unanichelewesha kwenda kumwona."

Zafitsara akachota wali, akala. Hivyo, mbele ya koo zote mbili, Velosoa akawa ametolewa.